Kijana Chamani Si Mgeni: Mpeni Jembe

Mara nyingi nimesikia wazee wa vyama vya huduma wakinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kuwatumikia watu bila malipo. Mimi nami nalisema hivyo, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa ni mwandishi wa chama chetu. Leo imenipasa kuungama kwamba nalikosea.

Mimi ni karani wa serikali mjini Homa Bay, lakini kwetu ni Migori, na chama chetu kina watu wa pande zote mbili. Kazi zetu ni kutunza chemchemi, kupanda miti na kuwasaidia wajane. Miaka michache iliyopita tuliwaalika vijana, wakaja 14: waendesha bodaboda, washonaji, wavuvi, na waliomaliza shule wakingojea kazi. Tulifurahi mno. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamebaki 3.

Nilipofungua kitabu cha mikutano niliiona sababu kwa mwandiko wangu mwenyewe. "Vijana walipanga viti." "Vijana waligawa chai." Hapakuwa na mahali nilipoandika kwamba kijana alitoa shauri likakubaliwa. Tena ada yetu ilikuwa moja kwa mwenye mshahara na kwa mtu wa kibarua. Na mkutano tuliuweka Jumamosi mchana, saa ambayo mwendesha bodaboda hutafuta riziki yake.

Ndipo zikaja mvua kubwa za mwaka 2024. Mto Kuja ulifurika huko Nyatike, watu wakayahama makazi yao. Sisi tulikuwa na unga, maharagwe na mablanketi, lakini tulikosa mikono ya kuvipeleka. Mmoja wa wale vijana 3 akawapigia simu wenziwe. Wakaja na pikipiki zao, wakapita penye matope ambapo gari halikuweza kupita, wakafanya kazi siku 3. Jioni ya mwisho mmoja wao akamwuliza mwenyekiti kwa adabu, "Mzee, mlipohitaji migongo yetu mlituita. Mbona mlipohitaji mashauri hamkutuita?" Mwenyekiti akanyamaza, kisha akanitazama mimi.

Usiku ule niliwakumbuka vijana wa zamani wa Nyanza. Mwezi wa Desemba 1921, waliosoma katika shule za misheni, akiwamo mwalimu Jonathan Okwiri, walikutana Lundha, wakaanzisha chama cha kutetea haki za watu wao. Mwaka 1923 chama hicho kikageuzwa kuwa cha ustawi chini ya Arkidiakoni Owen, kikahimiza watu kuchimba vyoo na kupanda miti. Basi katika nchi hii vijana hawakungoja kuzeeka ndipo waanze kuhangaikia mambo ya watu wote.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliwaweka vijana ugenini mwaka mzima, kisha tukashangaa walipoaga.

Tukabadili mambo. Mkutano ukawa Jumapili alasiri. Ada ya asiye na mshahara ikapunguzwa. Vijana wakapewa viti 2 katika kamati na ufunguo mmoja wa sanduku la fedha; kisha wakakabidhiwa chemchemi moja waijengee wenyewe. Sitaficha kwamba walikosea: walinunua saruji kabla mawe hayajafika, ikapata unyevu, ikaganda yote. Baadhi yetu tukataka kuwanyang'anya ufunguo. Mwenyekiti akakataa, akasema, "Mara ngapi sisi tumekosea, na nani alitunyang'anya?" Wakachangishana, wakanunua nyingine, na leo akina mama huteka maji safi pale. Vijana wanaohudhuria sasa ni 11, na wengine hutuomba nafasi bila kualikwa.

Wasomaji, kama chama chenu kimepungukiwa na vijana, msianze kuuliza vijana wameharibiwa na nini. Fungueni kwanza kitabu chenu, mtazame majina yao yameandikwa kwa kazi gani.

Nami, katika mkutano mkuu ujao, nitamkabidhi kalamu ya uandishi binti mmoja mshonaji, ambaye hati yake ni nzuri kuliko yangu. Nakiri kwamba jambo hili ni zito moyoni, maana kalamu hiyo nimeipenda. Lakini nisipoiachilia mimi, nitamwambiaje mzee mwingine aachilie yake?