Pumzi ya Seneca

Katika barua 124 za Seneca kwa rafiki yake Lucilius zilizotufikia, ninayoirudia kuliko zote ni ya 54, aliyoiandika akiwa ndiyo kwanza ametoka kubanwa na pumu. Hajapata nafuu kamili. Anasema pumzi bado inakwama, haiendi kwa wepesi wake wa kawaida. Anasimulia jinsi ugonjwa unavyomvamia kama tufani na kumwachia kabla saa haijaisha, na kwamba waganga wa Roma waliuita mazoezi ya kufa. Maradhi mengine, kwake, ni kuumwa. Haya ni kukata roho. Hata hivyo, katikati ya kubanwa kule, hakuacha kujituliza kwa mawazo ya furaha na ujasiri.

Napenda kwamba hakungoja apone ndipo aandike. Wanafalsafa wenzake wa Kistoa, tangu Zeno alipoanza kufundisha Athens yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, walisema maneno makali juu ya mwili, na ni rahisi kudhani yalisemwa na watu wasiojua homa. Kumbe Epictetus alikuwa kilema wa mguu, tena alikulia utumwani. Kaizari Marcus Aurelius alikuwa dhaifu wa tumbo na kifua. Walichokisema walikisema kutoka kitandani, au karibu yake.

Mimi nilianza na Epictetus, na kile kitabu chake kidogo kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian. Mistari yake ya kwanza inagawa mambo ya dunia mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwamo, na mwili unawekwa katika fungu la pili, pamoja na mali, sifa na vyeo. Mbele kidogo anaongeza kuwa kilema huuzuia mguu, wala hakizuii hiari ya mtu. Nilikuwa mzima wakati huo, na mtu mzima huyasoma maneno hayo bila taabu kwa sababu hayamdai kitu. Kisha nikaambiwa nina presha.

Ninacho kipimo nyumbani. Unaketi umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Unafunga mkanda juu ya kiwiko na kubonyeza kitufe. Mkanda unavimba mpaka unayasikia mapigo yako mwenyewe yakigonga ndani ya mkono, halafu unalegea taratibu huku tarakimu zikishuka, zikisita, zikisimama. Kwenye 140 kwa 90 ndipo madaktari wengi wanapoanza kuuita ugonjwa. Zikisimama juu ya hapo, moyo wangu unashtuka, na mkono mwingine unataka kuufunga mkanda upya papo hapo. Ukiufunga, mara ya pili tarakimu zinaweza kupanda zaidi, kwa kuwa hofu nayo hupandisha presha.

Hapo ndipo mafungu mawili ya Epictetus yalipoanza kunichanganya. Damu yangu si yangu kuiamuru, sawa. Ina urithi wa ukoo, ina umri, ina chumvi ya miaka mingi. Hofu yangu, kwa hesabu yake, ni yangu. Lakini ikiwa hofu inaingia katika damu na kutokea kwenye kioo cha kipimo, mpaka wa mafungu hayo umepita wapi? Wastoa wenyewe, nimekuja kujua, hawakuitenga nafsi na mwili kama nilivyodhani. Waliamini nafsi nayo ni kitu chenye mwili, pumzi yenye joto iliyoenea katika viungo vyote.

Kuna kisa alichokisimulia Aulus Gellius, Mrumi wa karne ya 2. Alikuwa chomboni akitoka Ugiriki kwenda Italia, bahari ikachafuka usiku kucha, na miongoni mwa abiria alikuwamo mwanafalsafa mashuhuri wa Kistoa. Gellius alimtazama aone atakavyokuwa. Hakulia wala hakupiga mayowe, ila uso ulimparara kama wengine. Bahari ilipotulia na Gellius alipomuuliza kwa adabu, mzee yule alitoa mfukoni kitabu cha Epictetus, na jibu lilikuwamo: mshtuko wa kwanza humpata hata mwenye hekima, rangi ikambadilika na moyo ukamruka kabla akili haijafika. Kinachomtofautisha na wengine ni kwamba akili ikishafika, haukubali ule mshtuko kuwa umesema kweli.

Nimekikumbuka kisa hiki mara nyingi nikiwa na mkanda mkononi. Kule kushtuka siwezi kukuzuia. Kuufunga tena mkanda papo hapo, labda naweza kukuzuia, siku nyingine. Daktari naye, bila kumtaja Mrumi yeyote, aliniagiza nitulie dakika 5 bila kuzungumza kabla ya kupima.

Dawa nameza. Sioni kwamba Wastoa wangenizuia, kwani kwao afya, ingawa si wema wenyewe, ni kitu kinachostahili kuchaguliwa kinapopatikana. Marcus Aurelius alikuwa akinywa dawa aliyotengenezewa na tabibu Galen, na Seneca alimshauri Lucilius mazoezi mepesi ya kukimbia na kuruka, mradi asikawie kurudi kwenye mambo ya nafsi.

Kinachonishinda ni mwili wa mtu mwingine. Mama yangu ni mgonjwa wa muda mrefu, na Epictetus ana shauri kwa anayemwendea mwenye majonzi: mpe maneno ya faraja, hata uugue pamoja naye, lakini chunga usiugue kwa ndani. Sisi tuliolelewa katika desturi ya kumjulia hali mgonjwa, kuketi naye hata pasipo la kusema, tunaelewa nusu ya kwanza bila kufundishwa. Nusu ya pili nimejaribu kuikubali na nimeshindwa. Wala sina hakika kwamba ninataka kuiweza.

Barua ya 78 ya Seneca ndiyo iliyonipa ujasiri wa kusema hivyo. Humo anasimulia ujana wake, alipokonda kwa maradhi ya kifua mpaka akafikiria kujiua. Kilichomzuia kilikuwa baba yake mzee. Alitazama jinsi yule mzee asivyoweza kustahimili kumkosa, akajiamuru kuishi. Kisha anawashukuru rafiki zake waliokesha naye na kuzungumza naye, akisema wao ndio waliomwinua. Mtu aliyefundisha kwamba utulivu wa nafsi hautoki nje anakiri kwamba alibaki hai kwa ajili ya baba, na akapata nguvu kwa marafiki. Falsafa nayo anaishukuru, lakini wote wamo katika barua ile ile.

Mama, nikiingia chumbani kwake, huniuliza kabla sijamwamkia vizuri kama nimemeza vidonge vyangu. Nami asubuhi navimeza kwa sehemu kubwa ili niwe na la kumjibu. Kama huu ni utulivu wa nafsi, au ni kuegemea tu ambako Epictetus angekukemea, bado sijaamua.