Kwa Remmy

Mimi ni mkazi wa Kinondoni, na kila mwezi huenda Sinza kumjulia hali shemeji yangu. Daladala ikaribiapo kituo kimoja, kondakta huuliza, "Kwa Remmy wapo?" Wanafunzi waliomo garini hushuka na mikoba yao, na aghalabu hawajui jina hilo lilikuwa la nani. Nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza, kwani nami nina deni kwa mtu huyo.

Jina lake lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, mashariki ya Kongo. Huko alianza kwa kupiga ngoma na kuimba katika bendi za vijana, kisha akajifunza gitaa. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kwa mwito wa jamaa yake, Mzee Makassy, akaingia katika Orchestra Makassy. Baadaye alijiunga na Matimila, bendi aliyoiongoza hata ikavuma kwa jina la Super Matimila. Makazi yake yakawa Sinza, ambayo zamani hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo.

Kumpa mtu huyu jina moja la sanaa ni kazi ngumu. Alikuwa mpiga ngoma, mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi. Magitaa ya bendi yake yalikuwa na asili ya rumba ya Kongo, lakini maneno yake yalikuwa Kiswahili cha mitaani kwetu, Kiswahili cha mpangaji aliyekosa kodi na cha mtu aliyetoka mazikoni. Yeye mwenyewe aliuita muziki wake "ubongo". Mmoja wa nyimbo zake unaitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Swali hilo ndilo lililonishinda mimi nilipokuwa kijana.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa ukarani serikalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliagizwa kuandaa orodha ya wasanii waliofaa kutajwa katika maandishi fulani ya utamaduni wa taifa. Niliandika majina ya wacheza ngoma, ya waimbaji wa taarabu, na ya malenga. Nilipofika kwa Remmy Ongala, nilisita, kisha nikamwacha. Hakuna mkubwa aliyenielekeza kufanya hivyo. Hoja zangu zilikuwa mbili. Kwanza, hakuzaliwa nchini. Pili, alikuwa ametoa wimbo uitwao "Mambo kwa Soksi", uliowahimiza wanaume watumie kondomu. Redio ya taifa haikukubali kuupiga. Nami, kijana niliyejivunia kutunga mashairi yenye vina na mizani kamili, niliona kwamba aibu kama ile haiwezi kuwa sanaa.

Wakati huo nilikuwa nikiishi chumba kimoja Kinondoni pamoja na mdogo wangu, utingo wa malori ya safari ndefu. Siku moja alirudi na kanda yenye wimbo ule, akauweka. Nilimwamuru auzime. Akacheka, akaniambia, "Kaka, huyu mzee anasema yale ambayo ninyi wakubwa mnatuficha." Sikumjibu. Niliitoa kanda nikamkabidhi, nikamwambia asiilete tena humo chumbani.

Ikumbukwe kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kuzika wengi, na bado katika nyumba nyingi maradhi hayo hayakutajwa kwa jina. Mdogo wangu alioa, akahamia Sinza, akaugua, na mwaka 1996 tukamzika. Msibani tulisema ni homa ya muda mrefu. Sidai kwamba kanda moja ingemwokoa. Ninalolijua ni kwamba katika ulimwengu wake wote alikuwapo mtu mmoja aliyethubutu kumwonya kwa lugha aliyoielewa, na mimi, kaka yake, nilimzima mtu huyo.

Huku nyumbani tukimbagua, ulimwengu ulikuwa umekwisha kumpokea. Mwaka 1988 alizunguka Ulaya na matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake *Songs for the Poor Man*, mwaka 1989, na *Mambo*, mwaka 1992. Jina la hiyo ya kwanza, yaani nyimbo za mtu maskini, lilikuwa ukweli mtupu. Hata alipougua, aliacha dansi akageukia nyimbo za Injili, lakini hakuacha kuimba. Alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 13 Desemba 2010.

Ndugu mwalimu, wanafunzi wako watakapokuuliza utamaduni wa taifa ni nini, usiwape orodha tupu kama ile yangu. Waambie wachunguze ni nani aliyeyasema machungu ya watu wa mahali pale, na kwa lugha gani. Wakimkuta mtu huyo alizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wasimpunguzie haki yake. Wananchi wenyewe walikwisha kuamua. Hawakungoja maandishi ya karani yeyote. Walikiita kituo kwa jina lake, na hadi leo wanashukia hapo.

Nami hushukia hapo. Shemeji yangu bado ameihifadhi ile kanda ndani ya kopo la biskuti, pamoja na cheti cha ndoa. Redio ya kuichezea iliharibika zamani. Mwezi uliopita niliomba nami niishike, nikaona mdogo wangu aliandika jina lake juu yake kwa kalamu ya wino, na chini yake akaongeza maneno mawili: "Kaka asiitupe."