Kanisa Lililowakinga Akina Mama

Wewe unayepanda matatu kutoka Jericho, Buruburu au Umoja kwenda mjini, huenda umepita Uhuru Park mara nyingi, ukaiona minara ya mawe ng'ambo ya barabara, kisha ukaendelea na hamsini zako. Hilo ni Kanisa Kuu la All Saints la Waanglikana. Je, wajua yaliyotendeka ndani yake?

Gavana Henry Belfield aliweka jiwe la msingi mnamo Februari 3, 1917. Ramani ilichorwa na Mwingereza Temple Moore kwa mtindo wa makanisa ya kale ya kwao: kuta nene za mawe, matao yenye ncha juu na madirisha ya vioo vya rangi. Moore alifariki 1920. Ujenzi ulikamilika 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa nchini. Enzi hizo, waliojaza viti vyake hasa walikuwa Wazungu. Mwafrika wa Pumwani au Kaloleni alisali kwingine.

Lakini mawe hayachagui atakayejikinga nayo. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakikataa kula, pamoja na Wangari Maathai. Mnamo Machi 3 polisi waliwatawanya kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi yao walivua nguo, na kila Mwafrika anajua uzito wa laana ya mama. Kisha wakakimbilia All Saints. Waliishi katika chumba cha chini ya kanisa kwa karibu mwaka mzima, hadi takriban wafungwa wote walipoachiliwa mapema 1993.

Mnamo Julai 7, 1997, siku ya maandamano ya kudai mabadiliko ya katiba, polisi waliingia humo humo na kuwapiga watu waliokuwa ndani. Hata nyumba ya Mungu haikuheshimiwa.

Kwa hiyo, mzazi, ukiwapeleka watoto huko Jumapili moja, usiishie kuwaonyesha minara na vioo. Anzia bustanini, palipoketi wale mama, kisha vukeni barabara hadi mlangoni. Ni mwendo mfupi. Mwache mtoto akuulize kwa nini walikuja hapa, nawe umjibu bila kumficha lolote.