Gia Ikilia

Kutoka paa la ploti yetu Kawangware, asubuhi isiyo na ukungu, mitambo ya upepo ya Ngong inaonekana kama haina kazi. Kumbe ndani kuna shughuli. Mapanga ya Vestas V52, aina ambayo KenGen ilianza kuitumia kule mwaka wa 2009, huzunguka kama mara 26 kwa dakika, na jenereta inataka zaidi ya mara 1,500. Giaboksi iko katikati, inabeba tofauti hiyo yote.

Huwezi kuifungua kila wiki uangalie meno. Mafundi hufunga sensa kwenye ganda lake, wanapima mtetemo. Gia ya meno 20 ikizunguka mara 25 kwa sekunde, meno hugongana mara 500. Huo ni mlio wake wa kawaida. Jino moja likipata ufa, kinaongezeka kishindo kidogo mara 25 kwa sekunde. Kompyuta inakichambua kutoka kwa kelele kabla jino halijavunjika.

Mzee wangu, fundi wa matatu Kirinyaga Road, hutumia bisibisi ndefu: ncha kwa giaboksi, mpini kwa sikio. "Beringi ya nyuma inalia." Lakini kwanza humuuliza dereva: ulikuwa umebeba? Ulikuwa unapanda mlima?

Hata wenye sensa huuliza hivyo. Upepo hautulii, na mzigo ukipanda mtetemo hupanda, hata gia ikiwa nzima. Lazima kasi na mzigo vipimwe pamoja na mtetemo, la sivyo utashusha giaboksi isiyo na shida.

Nilisomea uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa pili. Muhula ambao alama zangu zilianguka, mzee alikuwa amelala kitandani na mgongo, nami kuanzia saa tisa usiku nilikuwa Marikiti napakua viazi. Barua ya chuo ilitaja alama tu. Hakuna mtu aliniuliza nimebeba nini.

Siku hizi naandika makala za kulipwa, na mzee amerudi kazini. Fomu ya kuomba kurudi chuoni ninayo mezani. Inataka sababu ya kuacha masomo, kwa mstari mmoja. Nimeandika: viazi, usiku, wiki 14. Halafu nimeomba mstari huo usomwe pamoja na zile alama.