Land Rover ya Ipogolo

Mwaka 1983 gereji ya mjomba ilikuwa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapopita kabla hujakata kupanda mlima kuingia mjini. Haikuwa na ukuta. Palikuwa na mikaratusi, shimo la kuingilia chini ya gari lililojengewa matofali, na banda la mabati la kufungia spana.

Spea hazikuwapo. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikaiacha nchi haina fedha za kigeni, na mwaka huo wa 1983 msako wa wahujumu uchumi ulimfanya hata mwenye maboksi machache ya beringi aogope kuyaonyesha. Ukifungua giaboksi ya mtu ukaharibu sili moja, gari lingeweza kukaa juu ya mawe mpaka masika mengine. Ndiyo maana mjomba hakushika spana kabla hajajua anakwenda kutafuta nini. Sijaona chuo cha ufundi kilichonifunza zaidi ya tabia yake hiyo.

Gari ninalolikumbuka kuliko mengine ni Land Rover 109 Series III ya petroli, mali ya shule moja ya mbali. Dereva wake, mzee wa Kihehe, alishuka na malalamiko mawili kwa pumzi moja: chini kuna kelele, na injini inapiga resi lakini gari haliendi. Mlima wa Kitonga alikuwa ameupanda kwa taabu. Mafundi wa njiani walishamwambia giaboksi imekufa, ifunguliwe.

“Kamwene, mzee,” mjomba alimwambia. “Tuyatenganishe kwanza. Kelele ni ugonjwa mmoja na resi ni mwingine, mpaka tuone kama ni ndugu.”

Zipo resi ambazo si ugonjwa. Land Rover zile zilitoka kiwandani na difu ya 4.7 kwa 1, maana yake propela huzunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukifika kilomita 80 kwa saa injini inanguruma kweli, na aliyezoea gari dogo hudhani kuna gia imebaki haijaingizwa. Mjomba aliangalia pia gia yenye kirungu chekundu, ile ya mwendo mzito, kwa sababu ikisahaulika imevutwa nyuma gari hulia na kutambaa. Ilikuwa mahali pake.

Akawasha injini, gari limesimama, gia nyutro. Akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena, kichwa amekiinamisha. Mlio haukubadilika. Beringi ya mbele ya giaboksi ingekuwa imekwisha, kelele ingenyamaza klachi ikikanyagwa; ingekuwa rilizi beringi, ingeanza hapo hapo. Tukaingia barabarani. Gari lilipokuwa likiondoka liligonga chini, ko, na kila alipoachia mafuta na kukanyaga tena likagonga. Kwa mwendo wa mguu lililia chi-chi-chi kufuata magurudumu. Tuliporudi tulitia mawe kwenye magurudumu, nikaingia shimoni nikatikisa propela ya nyuma kwa mkono. Krosi, kile kiungo cha propela, ilicheza, na pembeni yake palikuwa na vumbi jekundu la kutu. Kelele ikawa imepata mwenyewe.

Resi tulizipima kwenye mlima wa kupanda mjini. Gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: mlio ukapanda, mikaratusi ya kando ikaendelea kupita polepole vilevile, kisha ikaja harufu ya kuungua. Klachi inateleza. Lakini mjomba alitaka kujua kwa nini, maana klachi mpya ingefuata ile ya zamani.

Chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu chenye skrubu ya kuziba. Skrubu ile hutiwa wakati wa kuvuka mto, maji yasiingie, kisha hutolewa. Hii ilikuwa imetiwa masika na kusahauliwa. Mjomba alipoifungua oili ilichuruzika mkononi. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa ikivuja kidogo kidogo, na oili iliyokosa pa kutokea ikailowesha disk.

Giaboksi tuliisogeza, tukitoa sakafu na boksi la viti, ili kuifikia klachi. Hatukuifungua. Disk na krosi zilitoka kwenye Land Rover iliyokufa Mafinga, na mzee akarudi shuleni kwake.

Gari hizi bado zinatembea. Kama unayo, na fundi anakwambia giaboksi ifunguliwe, mwombe kwanza aangalie kitundu cha chini ya klachi. Kikiwa kimezibwa na huna mto wa kuvuka, kifungueni.