Njia ya Misafara, Sasa Njia ya Shule

Ndugu msomaji, safari yetu ya mwezi huu ni fupi. Tunatoka mjini Tabora, tunakwenda kusini magharibi, mpaka Kwihara. Ni kilomita chache tu. Ukiwa na baiskeli hutachoka.

Njiani utaona miembe mingi. Wazee husema kwamba miembe hii ililetwa na watu wa misafara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, mizigo ilibebwa na watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Walirudi na nguo, shanga na waya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Safari ya kwenda tu ilichukua kama miezi mitatu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, wamefungwa minyororo. Usisahau jambo hilo unapopumzika kivulini.

Kwihara kuna Tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Dakta Livingstone alikaa hapo mwaka 1872. Stanley alikaa naye kwa muda, kisha mwezi Machi akaondoka kwenda pwani. Livingstone alibaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Nyumba utakayoiona leo ilijengwa upya, nayo ni makumbusho.

Wageni wengi huja kwa sababu ya Mzungu huyo. Sisi tumtazame mtu mwingine. Kati ya watu waliotumwa kutoka pwani kumfuata Livingstone hapo Kwihara alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa Bara Hindi. Huko alisoma shule. Livingstone alipofariki mwaka 1873 mahali ambapo sasa ni Zambia, wenzake Chuma na Susi waliamua kuurudisha mwili wake kwao. Wainwright ndiye aliyeandika orodha ya mali ya marehemu. Ndiye aliyechonga maneno ya ukumbusho kwenye mti. Watu wote wale walikuwa mashujaa, na maiti waliibeba pamoja. Lakini kalamu aliishika yeye. Maandishi yake yapo hata leo.

Siku hizo kijana wa Unyamwezi hakuwa na shule ya serikali. Shule ya Serikali ya Tabora ilianza mwaka 1925, nayo ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Burito, aliingia hapo mwaka 1937. Mtoto wa mpagazi aliiona kwa nje.

Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Novemba 1974, mkutano wa TANU huko Musoma uliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vijiji vikafyatua matofali. Mwaka 1978 sheria iliwataka wazazi wawaandikishe watoto wao shuleni.

Basi pita asubuhi katika vijiji vya Unyanyembe. Utawakuta watoto njiani. Huyu ana ufagio, yule ana dumu la maji. Kengele mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Madarasa mengi yalianzwa na wazazi wenyewe. Walichimba msingi, wakainua kuta, kisha serikali ikasaidia kuezeka. Hakuna mgeni anayepiga picha hapo, nasi tunaona wageni wanakosea.

Mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Msimu wa kuchuma tumbaku, majina mengine hayaitikiwi.

Sababu yake tunaijua. Mkulima amechukua mbolea kwa mkopo katika chama cha msingi. Jani likiiva halingoji. Lazima lichumwe, lifungwe, likaushwe kwenye bani, na kuni zitafutwe. Mikono ya nyumbani haitoshi, basi mtoto anabakizwa shambani siku moja. Siku moja inakuwa wiki tatu. Wengine huenda na baba kambini, porini, kurina asali.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua hatari yake. Ukiacha kitabu wiki tatu, herufi zinakukimbia. Mtoto wa darasa la pili ni hivyo hivyo. Akirudi, wenzake wamefika mbele. Anaona aibu. Mwaka unaofuata harudi kabisa.

Ada ya shule ya msingi si kikwazo tena. Zamani ilifutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinachobaki ni siku zenyewe za kusoma. Zungumza na kamati ya shule kabla ya msimu kuanza, si baada ya mwalimu kuja kuuliza. Mtoto anaweza kusaidia kufunga majani jioni na asubuhi akawa darasani.

Halafu siku ya soko, mwite. Tumbaku yako imepimwa, imepewa daraja, na umepewa karatasi. Imeandikwa kilo, daraja, bei, na mkopo uliokatwa. Mpe aisome kwa sauti, wewe ukifuata kwa kidole, kabla hamjaondoka sokoni.