Gauni la Soko la Toi



Wasomaji wapenzi, safari ninayowasimulia leo haikuwa ya matembezi. Niliifunga kwa sababu nilimvunja moyo binti wa kakangu, na sababu ya kumvunja moyo ilikuwa nguo.

Mtoto huyu aliolewa miaka kadhaa iliyopita na kijana wa Kinubi wa Makina, mtaa mmojawapo wa Kibera, jijini Nairobi. Kila Ramadhani ikielekea ukingoni hutuletea zawadi kwa basi. Mwaka juzi aliniletea gauni refu la kitani, rangi ya samawati, lenye mikono mipana iliyodariziwa pembezoni. Nililipenda tangu nilipolikunjua. Kisha jirani akaja kunipa mkono wa Idd, akalishika, akalipindua ndani nje, akaniambia kwamba nguo kama hizo hutoka Soko la Toi, ni mitumba. Nikaingiwa na haya. Nikajiuliza vipi mtu wa nyumba yetu ataswali Idd na vazi lililovuliwa na mtu asiyemjua. Siku ya pili nikampa lile gauni msichana anisaidiaye kazi za nyumbani.

Miezi miwili baadaye binti yangu huyo alikuja Mombasa kwa harusi. Akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akamkuta msichana amelivaa, anakuna nazi. Akalitazama, akanywa maji yake, akarudi ukumbini kukaa na wenziwe. Hakusema neno. Lakini simu zake, zilizokuwa zikinijia kila Ijumaa baada ya swala, zikakoma.

Mwaka huu nikaona sitaki kufunga mwezi mwingine nikiwa na jambo hilo kifuani. Nikapanda garimoshi la asubuhi pale Miritini, hili jipya lililoanza kwenda Nairobi mwaka 2017, nikateremka Syokimau, nikaingia mjini, na kutoka mjini nikapanda matatu ya nambari 8 mpaka Kibera. Binti alinipokea kwa adabu zote. Alinibusu mkono, akanitengea chai ya iliki na mahamri, akaniuliza hali ya kila mtu kwa jina lake. Ila aliniuliza kama mtu anayemuuliza mgeni.

Wengi wetu huku pwani tukisikia Kibera huona mabati na matope tu. Nami nilikuwa hivyo. Kumbe nilikuwa nakwenda katika mtaa wa Waislamu wenye historia ndefu. Wazee wa Wanubi walikuwa askari waliotoka Sudan wakaitumikia Uingereza katika jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikaa hapa, palipokuwa porini nje ya mji, wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao. Walidai haki ya ardhi hiyo kwa vizazi kadhaa, mpaka mwaka 2017 serikali ilipowakabidhi hati ya ekari 288 kama ardhi ya jamii, ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile waliyoianza wazee wao.

Nilifika Alhamisi. Kesho yake, Ijumaa, nikakaa kizingitini kuwatazama watu wakienda msikitini. Mabibi wakubwa wa Kinubi walipita na gurbaba zao, nguo za kujifunga zenye rangi za kung'aa, na vijana wa kike walivaa madira na mabuibui kama watoto wetu wa Mji wa Kale. Kilichonishangaza zaidi ni kanzu za wanaume. Njia ilikuwa na matope, mvua ilinyesha usiku kucha, na kanzu zilipita nyeupe kama maziwa. Nikamwuliza binti maji hutoka wapi. Akanionyesha majerikeni ya lita 20 yaliyopangwa nyuma ya mlango. Kila moja hununuliwa, na mvulana hulibeba kutoka kwenye bomba la kulipia. Basi kila kanzu nyeupe iliyopita pale ilikuwa imenunuliwa mara mbili, kwanza dukani, kisha kila wiki kwa bei ya maji. Huku kwetu, mwenye bomba uani huweza kuvaa kanzu yenye kola chafu asishtuke.

Jumamosi alfajiri nikamwambia, "Mwanangu, nipeleke Toi."

Akanitazama. "Shangazi, wewe?"

"Mimi."

Soko la Toi limepakana na Kibera, si mbali na barabara ya Ngong. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 liliteketea, na moto umelirudia zaidi ya mara moja tangu hapo. Kila mara wachuuzi wamesimamisha miti, wakatandaza mabati na kuanza upya. Njia zake ni nyembamba hata watu wawili hupishana kwa ubavu. Mahali pamoja ni viatu, pengine ni makoti, pengine ni mashuka na mapazia.

Nguo hizi huja kwa makontena mpaka bandari yetu ya Kilindini; hupita karibu na milango yetu kabla ya kupanda bara. Zimefungwa katika marobota, na mwenye kununua robota hajui kilichomo mpaka alifungue. Likifunguliwa, zile nzuri kabisa huchaguliwa kwanza na kuuzwa ghali. Wao huziita kamera. Kadiri siku inavyokwenda bei hushuka, na mabaki ya chini hugombewa kwa bei ya kutupa. Hayo ni fagia. Huenda mchuuzi akapata robota la heri akalipa karo ya mtoto, au akapata robota la nguo zilizochanika akapoteza mtaji wote. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilizuia mitumba kuingizwa nchini kuanzia Machi hadi Agosti. Mama mmoja auzaye nguo za watoto aliniambia kwamba katika miezi hiyo aliuza mpaka meza yenyewe.

Binti alinunua kwa namna ambayo sijapata kuiona katika duka lolote. Kwanza hakuangalia rangi. Alishika kitambaa akakifinya ngumini, kisha akakiachilia aone kama kinabaki na makunyanzi. Akaipindua nguo akatazama mishono ya ndani, kwapa, na kola, mahali jasho linapokula uzi. Akainyanyua juani kutafuta vitundu. Akafungua zipu na kuifunga mara tatu. Suruali ya mumewe aliipima kwa kuuzungusha ukanda wake shingoni mwa kijana wa kimo kile kile: ikikutana nyuma ya shingo, itaenea kiunoni. Kila nguo aliitazama kwa kile itakachoweza kuwa baadaye. Shati pana la mwanamume kwake lilikuwa blauzi ya stara ya kuvalia suruali pana. Pazia zito la rangi ya kahawia lilikuwa sketi mbili. Aliacha vingi kuliko alivyochukua. Nilipoona kitambaa cha hariri kwa shilingi 50 nikataka kukibeba, akanizuia, "Shangazi, utakivaa na nini?" Nikakosa jibu, nikakirudisha. Dini yetu inatuamrisha kujipamba na papo hapo inatukataza israfu, na urahisi wa bei ni mlango mmojawapo wa israfu.

Nikamwuliza juu ya tahara, maana hilo lilikuwa likinitatiza. Akanieleza bila kukasirika. Nguo huloweka usiku kucha katika maji ya moto na sabuni, huisuuza kwa maji mapya mara tatu, huianika juani mpaka ikauke kabisa, kisha huipiga pasi ya makaa ndani na nje. "Wangapi," akauliza, "huifua nguo mpya ya dukani kabla ya kuivaa?" Nilinyamaza, maana mimi siifui.

Sikujua bado kwamba kazi yenyewe haijaanza. Tulibeba mfuko wetu tukapanda matatu kufuata barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, tukaingia barabara ya Naivasha, tukashuka Kawangware. Anakwenda huko kwa sababu ya fundi wake, mama wa makamo akaaye barazani mwa duka na cherehani ya miguu. Kawangware imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri, na wanawake wengi wa Kawangware hufanya kazi katika majumba ya huko. Fundi alituambia kwamba wateja wake wakubwa ni hao. Atakayeshinda siku nzima akifua nguo za wenziwe hataki kwenda kanisani au msikitini akiwa amevaa ovyo.

Fundi na binti wakatandaza zile nguo, wakazungumza kama waganga wawili juu ya mgonjwa. Gauni moja lilikuwa jema ila fupi, na mikono yake iliishia kwenye viwiko. Binti akatoa shuka tuliyolinunua, rangi inayokaribiana na lile gauni. Fundi akafumua pindo, akaongeza upana wa shibiri moja chini, akaunga mikono, akatia bitana kifuani palipokuwa pepesi. Kisha binti akalichukua gauni lile, akatoa sindano na uzi katika mkoba wake, akaanza kudarizi mahali palipoungwa, ili kiungo kigeuke nakshi.

Hapo ndipo nilipolitambua lile la samawati. Ile mikono iliyodariziwa ilikuwa kazi yake. Kila tone la uzi lilikuwa la mkono wake, usiku, baada ya watoto kulala. Nilichompa mtu mwingine bila kufikiri hakikuwa nguo ya mgeni nisiyemjua. Kilikuwa kazi ya mwanangu.

Nikakaa pale barazani nikakumbuka nilichosimuliwa na bibi yangu juu ya asili ya leso. Neno lenyewe tumelipata kwa Wareno, nao walimaanisha kitambaa cha mkononi. Bibi zetu wa pwani na visiwani, katika karne ya 19, walinunua vitambaa hivyo vilivyoletwa na majahazi, wakavikata sita sita, wakavishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo ambayo haikuwako kokote duniani. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuipiga chapa nzima. Nyumba ya Kaderdina pale Mombasa imeuza leso zake za Mali ya Abdulla tangu mwaka 1887. Leo hatuna nguo ya pwani kuliko leso. Tunazaliwa ndani yake na tunaozeshwa nayo. Nayo ilianza kwa mwanamke aliyeshika kitambaa cha kigeni akaona kitakachoweza kuwa. Kile bibi zetu walichokifanya Zanzibar na Mombasa, mtoto wetu anakifanya Kawangware. Mimi niliyejiona mlinzi wa heshima ya pwani sikuutambua urithi wetu uliponijia kwa basi.

Sisemi kwamba mitumba haina lawama. Viwanda vyetu vya nguo vimefifia, na marobota yana mchango katika hilo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru, Kenya ikarudi nyuma. Na nguo zisizofaa huishia majalalani na mitoni mwetu. Haya ni mambo mazito, na wenye kuyatatua wayatatue. Lakini hayamhusu yule mama wa jerikeni la maji anapotaka watoto wake waswali Idd wakiwa nadhifu.

Jioni, tuliporudi Makina, watoto wamelala, nikamwambia, "Mwanangu, lile gauni la samawati."

Mkono wake ukasimama na sindano. "Yamepita, shangazi."

"Hayajapita. Niliona haya mbele ya jirani, nikakutia wewe haya mbele ya msichana wa kazi. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: "Limempendeza yule msichana. Liliponiuma, niliona pia kwamba limempendeza. Usije ukamnyang'anya kwa ajili yangu."

"Sitamnyang'anya."

"Basi," akasema, akavuta uzi, "simama nikupime mabega."

Gauni alilokuwa akilidarizi pale barazani Kawangware lilikuwa langu. Alikuwa ameliona litanifaa tangu asubuhi, wala hakuniambia, kwa kuwa hakujua kama nitalikubali.

Nimeswali nalo Idd iliyopita. Yule jirani alikuja kunipa mkono, akalishika, akaniuliza nimelinunua duka gani. Nikamwambia limeshonwa na binti wa kakangu, kwa nguo ya Soko la Toi, Kibera. Akalipindua ndani nje kama ilivyo ada yake, akatazama mshono kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama binti anaweza kumshonea na yeye. Nimempa nambari ya simu. Nami yangu imerudi kulia kila Ijumaa, alhamdulillah.